Kumfunda Iman kwa Kihispania

Sparkhill, Birmingham
12 Januari 2025

Mdogo wangu Sikuzani,

Waaleikum salaam, na Mungu akuweke. Barua yako kaniletea Khatib wa duka la nguo, pamoja na achari ya ndimu na ule mkoba wa singo ya kumsugulia bibi harusi, na udi. Achari ilivuja njiani ikaingia kwenye mabaibui yake ya kuuza, kwa hiyo Khatib ana hasira na wewe, nami nimemwambia hayuko peke yake.

Huku sote wazima. Baba Azizi goti linamsumbua na yeye anatusumbua sisi. Azizi wangu yuko kwenye mitihani. Faisal wako hajambo, kazi yake ya kupeleka vifurushi inaendelea, anakula vizuri, na chumba cha juu bado kakijaza viatu. Theluji ilianguka wiki iliyopita, Stratford Road ikawa tope tupu na mabasi yakachelewa kutwa nzima.

Hizo ndizo salamu. Sasa nikuseme.

Uliniomba niwe somo wa kumfunda mchumba wa Faisal, kwa kuwa Iman hana shangazi wala bibi katika mji huu. Nikakubali kwa ajili yako, ingawa wote wawili tunajua kwamba somo hutoka upande wa mwanamke, na mimi ni mama mkubwa wa bwana harusi. Sasa umeniletea kurasa mbili za mambo ya kumfunda. Aamke kabla ya mumewe. Asimuulize anatoka wapi. Akiitwa aitike mara ya kwanza. Kazi aache. Halafu chini kabisa umeandika, ati nihakikishe maneno haya hayapiti kwa mkalimani. Sikuzani, umeniagiza mimi au umeagiza mchele?

Na kwa lugha gani? Mtoto kazaliwa Melilla, mji wa Wahispania uliopo huko kwetu Afrika, mlango kwa mlango na Moroko. Muislamu, mama yake Muislamu, bibi yake alihiji. Lakini lugha aliyolelewa nayo ni Kihispania. Kiingereza chake ni cha kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli: shuka, taulo, maliza, kesho. Changu mie unakijua, kinatosha kugombana na mwenye nyumba. Mambo ya chumbani kwa Kiingereza cha namna hiyo tungeishia kuangaliana tu. Na katika hilo la mkalimani uko sawa, mambo hayo hayapiti kinywani mwa mtu wa tatu.

Basi nimejiandikisha darasa la Kihispania, Northfield, jioni, basi mbili kwenda na mbili kurudi, na umri wangu huu. Mwalimu wetu ni Manpreet, msichana wa Kipunjabi aliyezaliwa hapa hapa. Wenzangu wote ni wastaafu wanaojifunza kuagiza kahawa ili wakaote jua. Ilipofika zamu yangu ya kusema nataka nini, nikasema, "Mimi nataka amri."

"Which ones?" akaniuliza.

"Zote."

Darasa zima likacheka. Manpreet naye alicheka, lakini tulipotoka alibaki na mimi akanifundisha.

Nikwambie ilivyo, maana sina mwengine wa kumwambia. Vitenzi vyao vinaishia kwa ar, er au ir. Ukitaka kumwamrisha mtu mmoja uliyezoeana naye, unaikata ile r ya mwisho. Hablar ni kusema. Sema ni habla. Lavar ni kuosha. Osha ni lava. Esperar, espera, subiri. Vya er ni hivyo hivyo: barrer ni kufagia, fagia ni barre. Vya ir tu ndivyo vinavyogeuka kidogo, i inatoka na e inaingia: abrir ni kufungua, fungua ni abre. Wakiwa wengi, r inakuwa d: hablad, barred, abrid. Na kwa mtu wa kuheshimiwa herufi zinapishana, vya a vinachukua e, vya e vinachukua a: hable, barra, abra. Manpreet anasema vipo vikaidi visivyofuata sheria, lakini hivyo tumeviweka kando kwanza.

Nikiwa jikoni nakaanga, Faisal hukaa mezani akanihoji. Kufungua? Abre. Kusubiri? Espera. Kijana ana akili, keshavishika vyote kabla yangu. Azizi alipita akatusikia akasema, "Mum, you're literally just bossing people around in Spanish." Nikamwambia nimekuwa nikifanya hivyo kwa Kiswahili tangu azaliwe.

Kwa hiyo nitamfunda. Usafi nitamfunda, mapishi nitamfunda, na mambo ya chumbani nitamfunda mpaka anishukuru. Hilo la kuacha kazi simo. Akitaka kuacha ataacha mwenyewe.

Mabusu kwa watoto wote wa hapo nyumbani.

Dada yako, Maisara

*

Kikwajuni, Zanzibar
6 Februari 2025

Dada yangu Maisara,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mikono miwili ingawa barua yako haikuniamkia hata kwa mmoja.

Sisi tunamshukuru Mungu. Mtoto wa wifi kajifungua salama, mwanamke. Maji yanakuja siku yanapopenda. Chumba cha Faisal nimekipaka rangi upya, kitanda nimekitoa kwa fundi, na mapazia nimeyachagua ya kijani, rangi aliyoipenda marehemu baba yake. Ukumbi nimeshaushika kwa mfungo mosi, Idi ikishapita. Watu wote nimewaambia. Kila ninapopita naulizwa, huyo Mhispania anafika lini.

Mie sikukutuma Northfield, dada. Nilikutuma kwenye chumba chako cha juu na mwari wako. Unaniandikia habari za herufi kana kwamba mtihani utaufanya wewe. Hizo amri si za wewe kuzijua, ni za yeye kuzisikia. Mfundishe kusikia, basi, Kihispania kingine atajua na mumewe.

Umesema wanazo na amri za heshima kwa wakubwa. Hizo nazo mfundishe kwa ajili yangu, ingawa sioni atakuwa na lipi la kuniamrisha mimi.

Na hilo la kazi unalolikwepa ndilo kubwa kwangu. Nataka mkwe wa kukaa na mimi. Nyumba ina vyumba vinne na ninazungumza na mapazia. Faisal kaniahidi atarudi naye, afungue duka la simu hapa, na mkewe atakuwa nyumbani. Wewe ukimtia maneno ya kazi huko, ataniletea maneno ya kazi hapa. Mie nilikaa na marehemu maisha yangu yote ya utu uzima na sikumjibu hata siku moja, na nyumba yangu ilisimama. Wangapi waliosoma na sisi wanaweza kusema hivyo?

Unavyoona Ulaya wanawake wanavyoishi usidhani ndivyo dunia ilivyo. Ulikwenda wewe, hatukwenda sote.

Nakuomba usiniharibie. Huyu ndiye mtoto wangu wa pekee na hii ndiyo harusi yangu ya pekee.

Mdogo wako, Sikuzani

*

Sparkhill
17 Machi 2025

Sikuzani,

Ramadhani njema. Natumai mnafunga salama na maji yanapatikana wakati wa futari. Huku wafanyakazi wa taka wamegoma, mifuko imerundikana nje ya kila mlango, na Baba Azizi kakutana na panya mkubwa wa kutosha kupewa shikamoo.

Barua yako ya Februari ilikuwa hapa mezani muda wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika mambo yasiyofaa kusomwa.

Harusi isiwe mfungo mosi. Uachie ukumbi. Waambie watu imesogezwa, sababu tafuta yoyote, sema mimi mgonjwa, sema viza, sema unavyotaka.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kufunga nilimpaka Iman singo. Mwili wa mwari ni amana ya somo wake, unalijua hilo, na mimi ndiye somo wake kwa sababu wewe ulinifanya. Zaidi ya hapo sikuandikii kitu mpaka yeye aniruhusu. Usimuulize Faisal.

Usinipigie simu pia. Sitapokea.

Maisara

*

Kikwajuni
4 Aprili 2025

Kwa Bi Maisara,

Idi imepita. Sikukuandikia salamu za Idi kwa sababu sikuwa na Idi.

Umenifanya nini? Nimesimama mbele ya watu nikasema harusi imesogezwa, nikasema viza, na mke wa baba mdogo wa Faisal akaniuliza mbele ya wote, viza ya Zanzibar mtu si anaipata uwanja wa ndege? Nikabaki nimesimama na sahani ya tambi mkononi. Nikaenda jikoni nikalia, na mie silii ovyo.

Umeandika mwili, umeandika amana, kisha ukafunga mdomo. Unadhani nitaelewa nini? Kama mtoto wa watu ana maradhi, sema. Kama hakuwa mwema, kama aliwahi kuwa na mume huko kwao, sema, ndiyo kazi ya somo, tujue kabla hatujamwingiza ndani. Wifi anasema hakuna kingine kinachoweza kuonekana kwenye singo ila hicho. Nami sikumkatalia, kwa sababu wewe hukunipa cha kumkatalia.

Na Faisal nilimuuliza, ndiyo. Ni mwanangu, siombi ruhusa. Kasema hakuna chochote, kasema Iman ni mkaidi na Mamkubwa anamtia maneno kichwani kila Jumamosi, mlango umefungwa. Kasema tangu uanze masomo hayo mtoto hashikiki.

Nilikukabidhi kijana akiwa hana hata ndevu. Nikakwambia mlee, na ukasema atakuwa wako. Sasa umechukua upande wa msichana wa kufua mashuka usiyemjua hata babu yake, dhidi ya damu yako. Nataka jibu la maneno yaliyonyooka. Nataka kujua ana kasoro gani huyo mwanamke.

Sikuzani

*

Sparkhill
27 Aprili 2025

Sikuzani,

Kasoro unayoitaka nitakuandikia. Iman kaniruhusu. Nilimsomea maneno uliyoyaandika, ya maradhi na ya mume wa kwanza, nikayageuza kwa Kihispania changu kibovu moja moja, akasikiliza mpaka mwisho, akasema nikwambie yote. Hakutaka ukae unadhani hivyo juu yake. Huku Azizi kamaliza mitihani, taka bado zipo mlangoni, na salamu zimekwisha.

Jumamosi za mwanzo tulicheka sana. Anatoka kwake Newtown na mikate yao ya kukunja, tunakunywa chai, tunapanda juu, natia udi chetezoni, namwambia lava, namwambia prepara, andaa, namwambia cocina, pika, naye ananisahihisha matamshi na kunionyesha jinsi mama yake anavyoyasema, mkono kiunoni. Nilimwambia mambo ambayo mimi na wewe tuliambiwa chini ya shuka na somo wetu Bi Mkubwa, naye akauzika uso kwenye mto kwa aibu na kicheko. Nilimpenda. Nikajisemea Faisal kapata mtu.

Siku ya singo nikamwambia avue, abaki na kanga. Akasema hapana. Nikadhani anaona haya. Nikamwambia somo haonewi haya, nikavuta kanga begani mwenyewe. Mkono, juu ya kiwiko, una alama za vidole, Sikuzani. Vinne upande mmoja na dole gumba upande wa pili, zambarau. Ubavuni kuna nyengine ya zamani, imeshakuwa manjano. Nilikuwa na singo mkononi na sikujua pa kuiweka.

Sikumuuliza nani. Nilimwambia tu habla, kwa sababu ndilo neno lililonijia. Sema. Akaivuta kanga ikafunika mkono. Halafu akaanza kunihesabia yeye. Calla, yaani nyamaza. Espera. Abre el móvil, fungua simu yako nione. Baja los ojos, inamisha macho. Sube al coche, panda gari. Akasema, Faisal hajui Kihispania, anajua haya tu. Zamani walikuwa wanabahatisha kwa Kiingereza na kucheka wakikosea. Tangu Januari hamwambii kingine.

Tangu Januari. Unajua Januari alikuwa anajifunzia wapi.

Nilimsubiri Faisal jikoni mpaka akarudi kutoka kazini. Nikamuuliza. Alifungua friji kwanza, akatoa maji, ndipo akanijibu.

"Mamkubwa, it's not like that. Tuligombana tu, nikamshika. I just grabbed her."

"Na mbavu nazo ulizishika?"

"She doesn't listen! Nikimwambia kitu anafanya kama hajaskia. Na wewe si ndo unamfundisha asikie? Mama si ndo alivyosema?"

"Hayo maneno unayomwambia umeyatoa wapi?"

"Si hapa! Si tulikuwa tuna-practise mimi na wewe, hapa hapa?"

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilitaka kumpiga nao, na ninakuandikia wazi kwamba nilitaka sana. Nikauweka chini nikamwambia afungashe viatu vyake atoke nyumbani kwangu siku ile ile. Baba Azizi aliteremka na goti lake bovu, akasimama mlangoni mpaka alipomaliza. Hakuna aliyepaza sauti. Faisal kakaa kwa rafiki yake tangu siku hiyo, ndiyo maana alikwambia mimi namtia mtu maneno.

Uliniambia nimechukua upande wa msichana. Ndiyo, nimeuchukua, na ni wewe uliyenikabidhi upande huo. Somo ni wa mwari. Ungetaka mama mkubwa wa bwana harusi, ungeniacha nilivyokuwa. Nilimlea Faisal, nilimpikia, nilimfulia, nililala hospitali naye alipovunjika mguu, na ninamjua. Na kwa sababu ninamjua siwezi kumpa mtoto wa mtu.

Nilichomwambia Iman ni neno moja. Nilimaliza kuosha ile singo, nikamvika nguo zake, nikamwambia decide. Amua. Nikamwambia akiolewa nitakuwepo, asipoolewa nitakuwepo. Hakunijibu mwezi mzima wa Ramadhani. Alikuja kufuturu kila Jumamosi, tukala, akaondoka. Jumamosi ya kwanza baada ya Idi alifika na pete kwenye kikaratasi cha mkate akaiweka mezani. Nimempa Khatib aifikishe kwa Faisal.

Kwa hiyo harusi hakuna. Wifi yako mwambie kilichoonekana kwenye singo.

Maisara

*

Kikwajuni
11 Mei 2025

Bi Maisara,

Nimekusoma.

Kijana akimshika mkono mchumba wake unamfukuza nyumbani kama mwizi? Wamegombana, nani hagombani? Amekosea, mimi sisemi hakukosea, ungemkanya, ungeniita, ungeita wanaume wakae naye. Ndivyo watu wanavyofanya. Wewe ukampa msichana wa miaka ishirini na kitu neno moja la kuamua akaenda kuamua. Nani alikwambia ana akili ya kuamua? Mie niliposhikwa mkono hakuna aliyenambia amua. Na marehemu alikuwa mtu wa hasira, kila mtu anajua, lakini alikuwa mtu mwema na alijenga, na nyumba yangu ilisimama mpaka siku tuliyomtoa akiwa kwenye jeneza.

Nilikutuma ukamfunde mwanamke kusikia. Umemfunda kutoka.

Chumba kiko tayari na hakina mtu. Mapazia nimeyashusha. Tafadhali usiniandikie tena.

S.

*

Sparkhill
29 Mei 2025

Sikuzani,

Nakuandikia mara moja tu, kisha nitakutii.

Umeandika tena kwamba nyumba ilisimama. Mimi nilikuwepo. Nilikuja likizo, Idi ile ya mwaka Faisal alipoanza kutembea, mama yetu akakufungulia mlango na ushungi umeuteremsha mpaka kwenye nyusi, na joto lile. Mama akakuuliza, ukasema umejigonga kwenye kabati. Ukakaa wiki mbili, Baba Faisal akaja na kilo tatu za nyama na maneno mazuri, ukarudi. Nami nilipanda ndege.

Nina swali moja. Kabati gani?

Maisara

*

Kikwajuni
21 Septemba 2025

Dada Maisara,

Shikamoo. Natumai goti la shemeji limepata nafuu na taka zimeondolewa. Sisi wazima. Yule mjukuu wa wifi sasa anakaa mwenyewe. Mvua zilinivujia chumba cha uani na fundi anasema kesho tangu Julai.

Barua yako ya Mei niliichana. Na bado nina hasira na wewe, usije ukaona mkono wangu kwenye bahasha ukadhani yamekwisha. Ulinifanya nikajikuta napita njia za nyuma kwenda sokoni. Ulinificha jambo la mwanangu mpaka nikamsingizia mtoto wa watu ubaya mbele ya wifi, na wifi ameshalipeleka kila alipofika, na mimi siwezi kulirudisha. Ungeniambia Machi nisingelisema. Hilo sitakusamehe upesi. Ulilouliza kuhusu kabati sitalijibu kwa maandishi.

Faisal alirudi Julai. Duka la simu hakufungua. Analala mpaka adhuhuri, akiamka anasema mama chai, mama maji, mama funga redio. Mie nikawa naleta chai, naleta maji, nafunga redio. Nilikuwa na furaha, dada. Nilitaka mtu wa kumpikia na nikampata.

Alhamisi iliyopita ilikuwa khitma ya marehemu. Wanawake wamejaa sebuleni, tumemaliza kusoma, nagawa kashata. Mke wa baba mdogo, yule yule wa viza, akamuuliza Faisal wewe mke huoi? Nikamjibia mimi, nikasema bado anapumzika, yaliyotokea Ulaya yamemchosha. Faisal akasimama mlangoni akasema, "Mama, nyamaza."

Nikanyamaza. Hata sikufikiri. Mdomo wangu ulijifunga wenyewe, na mikono ikaendelea kugawa kashata. Wenzangu wote wakainamisha macho, nami nikainamisha yangu.

Halafu akaja akanishika mkono, hapa juu, akaanza kunitoa kwenye chumba changu mwenyewe, mbele ya watu, ati tukazungumze uani. Nilitazama vidole vyake. Nilivitazama kwa muda na sahani mkononi. Ndipo nikamwambia toka.

Alicheka. Akasema, "Nini, mama?"

Nikasema tena toka, na sauti yangu sikuitambua, na Mwanajuma jirani akaja akaichukua ile sahani ili isianguke. Nikasema toka nyumbani kwangu, toka sasa hivi. Aliniachia mkono. Akachukua simu yake mezani akaenda. Yuko kwa baba yake mdogo Fuoni na nimewaambia wasimlete mpaka mimi niseme, na sijui nitasema lini.

Wageni walipoondoka niliketi peke yangu chumbani kwangu, kwenye kile kitanda changu na marehemu, na nilikuwa natetemeka mpaka meno. Si kwa ajili ya Faisal. Yeye ni mwanangu, atakula popote. Nilikuwa natetemeka kwa sababu ni neno dogo mno, dada, ukilisema linakwisha mara moja, na baba yake sikuwahi kumwambia.

Sikuzani